Mwaka wa Kwanza Kazini Umebadilika: Hotuba kwa Wanafunzi wa Biashara, Mbeya

Ndugu wakuu wa idara, wahadhiri wetu, waajiri mlioacha shughuli zenu kuja kukaa nasi, na ninyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa uhasibu, benki na fedha, masoko, na ununuzi na ugavi: habari za asubuhi. Waliotoka Rungwe na Kyela, ugonile. Waliotoka Iringa na Njombe, kamwene.

Tumeombwa kuzungumzia akili mnemba na ajira ya mhitimu wa biashara. Tutasema jambo moja, kisha tutalionyesha kwa kazi yenyewe. Kazi ambazo mhitimu alikuwa akipewa mwaka wake wa kwanza ofisini ndizo hasa programu za akili mnemba zinazozimudu. Kinachobaki ni kuhakiki na kuwajibika, na hiyo zamani ilikuwa kazi ya mtu aliyekwisha kukaa ofisini miaka mitano. Ninyi mtadaiwa kuiweza tangu siku ya kuripoti.

Zikumbukeni kazi zenyewe. Kuingiza ankara kwenye mfumo. Kulinganisha taarifa ya benki na kitabu cha fedha. Kuandika barua za kuwakumbusha wadaiwa, muhtasari wa kikao, jedwali la kulinganisha bei za wazabuni watatu. Zilichosha, lakini ndizo zilizokuwa darasa. Aliyekwisha kuingiza maelfu ya ankara kwa mkono alijua bila kuambiwa kwamba bei fulani ya mfuko wa mbolea haiwezekani. Tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma tarehe 30 Novemba 2022, na nyingine za aina yake zikafuata, sehemu kubwa ya kazi hizo hufanyika kwa dakika. Mwajiri anaona ameokoa mshahara. Kijana anakuta darasa limefungwa.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha Agosti 2025 uchunguzi wa takwimu za mishahara ya Marekani. Katika kazi zinazoguswa zaidi na akili mnemba, ajira ya vijana wa miaka 22 hadi 25 ilikuwa imeshuka kwa takriban 13% ikilinganishwa na kazi zisizoguswa. Wenye umri mkubwa zaidi katika kazi zilezile hawakuguswa hivyo. Maelezo wanayoyatoa yanaingia akilini: kijana anakuja na maarifa ya kitabuni, na kitabuni ndiko mashine ilikojifunzia. Mkubwa ana yale yasiyoandikwa popote.

Mtasema hiyo ni Marekani. Ni kweli, na Shirika la Kazi Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba kazi zinazoweza kuchukuliwa kabisa na mashine hizi ni kama 5.5% ya ajira katika nchi tajiri, na 0.4% tu katika nchi zenye kipato cha chini. Lakini msilale. Utafiti huohuo ulitaja kazi za ukarani kuwa ndizo zilizo hatarini kuliko zote, na hizo ndizo mlango wa mhitimu wa biashara kuingilia ofisini. Isitoshe, mabadiliko ya namna hii tunayafahamu. M-Pawa ilipoanza mwaka 2014, mtu wa Vwawa alianza kukopa kwa simu bila kuonana na afisa mikopo. Hakuna aliyefukuzwa siku ile. Ila mikopo midogo midogo, ambayo ingempa afisa mpya mahali pa kujifunzia, ilianza kuamuliwa bila afisa.

Sasa tuje kwenye udhaifu wa mashine, kwa sababu hapo ndipo riziki yenu ilipo. Programu hizi zimefundishwa kutabiri neno linalofuata kutokana na maandishi mengi yaliyokwisha kuandikwa. Haziendi kufungua sheria isipokuwa zimeunganishwa na chanzo na kuamriwa zikisome. Iulize kiwango cha tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL. Tozo hiyo iliwahi kuwa 4.5%, ikashushwa hadi 4% mwaka 2021, kisha 3.5% kuanzia Julai 2023. Mtandaoni kurasa zenye viwango vyote vitatu bado zipo, na za zamani mara nyingi ndizo nyingi zaidi. Unaweza kupewa 4.5% kwa sentensi safi isiyo na shaka yoyote. Kiwango cha mauzo cha kusajiliwa VAT nacho kilipandishwa Julai 2023 kutoka shilingi milioni 100 hadi milioni 200; mfanyabiashara wa Mwanjelwa mwenye mauzo ya milioni 140 anaweza kuambiwa na mashine kwamba amevunja sheria wakati hajavunja. Kwa hiyo kila kiwango cha kodi unakisoma mwenyewe kwenye Sheria ya Fedha ya mwaka husika au tovuti ya Mamlaka ya Mapato, TRA, na pembeni ya hesabu unaandika umekisoma wapi na tarehe gani.

Kosa lingine ni la hesabu. Risiti ya shilingi 1,180,000 ikiwa tayari ina VAT ya 18%, kodi iliyomo ni 1,180,000 mara 18 gawanya kwa 118, yaani 180,000. Mwanafunzi mwenye haraka huchukua 18% ya kiasi chote akapata 212,400. Mashine nayo hufanya kosa hilohilo usipoiambia wazi kwamba bei inajumuisha kodi. Tofauti ya 32,400 kwenye risiti moja. Zidisha kwa risiti za mwezi mzima, halafu mkumbuke ritani ya VAT inatakiwa kufika ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Makosa haya hayaishii kwa wanaoanza. Oktoba 2025 tawi la Australia la Deloitte, kampuni ya ukaguzi na ushauri, lilikubali kurudisha sehemu ya malipo ya ripoti ya thamani ya dola za Australia zipatazo 440,000 iliyoandikiwa serikali, baada ya kugundulika marejeo ya maandiko yasiyokuwepo, pamoja na nukuu ya hukumu ambayo jaji hakuitoa. Akili mnemba ilikuwa imetumika kuandaa sehemu yake. Aliyelaumiwa ni aliyesaini.

Kuna jaribio jingine tunalotaka mlikumbuke kuliko yote. Mwaka 2023 watafiti, wakiwemo wa Harvard, waliwapima washauri 758 wa kampuni ya ushauri wa biashara ya Boston Consulting Group. Katika kazi ambazo mashine inaziweza, waliopewa GPT-4, programu ya akili mnemba, walimaliza haraka zaidi kwa 25%, na ubora wa kazi zao ulipanda kwa zaidi ya 40%. Wengine wakapewa tatizo moja lililotungwa makusudi: takwimu kwenye jedwali zilielekeza jibu moja, na maelezo ya watu waliohojiwa yalificha jambo linalolibatilisha. Hapo waliotumia mashine walipungukiwa uwezekano wa kupata jibu sahihi kwa pointi 19 za asilimia kuliko wasioitumia. Jedwali lilisema hivi, watu walisema vile, na mashine ikaandika hoja nzuri iliyofuata jedwali.

Nyanda za Juu Kusini imejaa matatizo ya namna hiyo. Chukueni mashine ya kukoboa mpunga huko Mbarali. Mwenye mashine anatoa daftari: mpunga ulioingia tani 100, mchele uliotoka tani 74. Ukipiga picha daftari hilo na kuiomba programu ihakiki, itajumlisha na kukuambia hesabu zimekaa sawa, kwa maana zimejumlika sawa. Lakini pumba ngumu ya nje pekee ni kama 20% ya uzito wa mpunga, na pumba laini huchukua kama 10% nyingine. Mchele wa 70% ni kama dari, na mashine zetu nyingi ndogo hutoa kilo 60 hadi 65 kwa kila 100. Tani 74 hazitoki. Kwa hiyo ama mpunga wa mtu mwingine umekobolewa bila kuandikwa, ama mzani wa kuingizia unapunja wakulima, ama magunia yaliyoingia yalikuwa lumbesa, yaani yamejazwa kupita kipimo, yakahesabiwa kila moja kuwa la kilo 100. Mhitimu anayeuliza swali hilo saa nne asubuhi, akiwa amesimama kando ya mzani, amekwisha kulipa mshahara wake wa mwezi.

Vipimo vyenyewe ni shamba la makosa. Debe, sado, gunia, kiroba, lumbesa ya viazi ya Uyole ambayo Wakala wa Vipimo wanaipiga vita kila msimu na bado inapakiwa. Ukiingiza safu ya idadi bila safu ya kipimo na safu ya kilo, mashine itajumlisha madebe na magunia kama kitu kimoja, na haitakuuliza.

Tunduma ni hivyohivyo. Kampuni ya kutoa mizigo forodhani hushika ankara za dola, risiti za kwacha na matumizi ya shilingi kwa gari moja. Kiwango cha uhasibu cha IAS 21 kinataka muamala uandikwe kwa bei ya fedha ya siku ulipofanyika. Tuseme ankara ya dola 4,000 imeandikwa dola ikiwa shilingi 2,500, na ikalipwa dola ikiwa 2,600: kuna shilingi 400,000 za tofauti ya ubadilishaji zinazotakiwa kuonekana peke yake. Programu iliyoachiwa hubadilisha zote kwa bei moja, na tofauti hiyo inazama ndani ya mapato. Ongeza kwamba VAT ya Zambia ni 16% na yetu ya kawaida ni 18%. Ukichanganya ankara za pande mbili kwenye faili moja bila safu ya nchi, utatengeneza madai ya kodi ambayo TRA hawatayakubali, na watakuwa sahihi.

Njombe kwenye parachichi mnajua kwamba tunda lililochumwa kabla halijakomaa na lililokomaa yanafanana kwa macho. Tofauti hujulikana kwa kupima kiasi cha ukavu ndani, la sivyo inajulikana Ulaya baada ya wiki kadhaa za safari, hasara ikiwa imekwisha kuingia. Ripoti ya akili mnemba ndiyo hiyo. Nzuri na mbovu zina sura moja, Kiswahili kilekile kilichonyooka, na vichwa vya habari vilevile.

Basi kazi ifanyikeje? Tuchukue usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha taarifa ya benki na kitabu cha fedha, wa mwezi mmoja wa duka la pembejeo la Mafinga, lenye akaunti moja ya benki na laini mbili za wakala wa fedha za simu.

Anza na faili. Omba taarifa ya benki katika CSV au Excel, usikubali picha ikiwa kuna njia nyingine. Picha ikisomwa na mashine, 3 hugeuka 8 na nukta hugeuka mkato. Kabla hujagusa chochote, fanya hesabu ya ulinzi kwa mkono: salio la kuanzia 4,320,000, jumla iliyoingia 18,750,000, jumla iliyotoka 16,905,500, salio la mwisho lazima liwe 6,164,500. Andika namba hizo nne kwenye karatasi pamoja na idadi ya mistari. Kila mara faili linapotoka kwenye programu, rudia kulinganisha. Ukibandika jedwali refu kwenye dirisha la mazungumzo, mara nyingi mashine huacha mistari ya katikati na kukuletea jumla ya ilichokisoma. Bila hesabu ya ulinzi hutajua.

Hatua ya pili ni kufuta majina, namba za simu, namba za akaunti na namba za NIDA, na kuweka badala yake alama kama M001, M002. Ufunguo wa alama unabaki kwenye kompyuta ya ofisi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Daftari la wadaiwa 400 ukilipakia kwenye programu ya bure iliyo kwenye mitambo ya nje ya nchi, umesafirisha taarifa za watu bila ridhaa yao, na kusema ulikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo hakutamsaidia mwajiri wako.

Tatu, angalia tarehe. Hili linaua usuluhishi mwingi kuliko yote. Excel iliyowekwa mtindo wa Kimarekani husoma 03/04 kuwa tarehe 4 Machi badala ya 3 Aprili. Siku za 13 na kuendelea zinabaki kama maandishi, kwa hiyo nusu ya mwezi inapangwa vibaya na nusu haipangwi kabisa. Badilisha zote ziwe na jina la mwezi kabla ya kuendelea.

Ndipo uiite mashine, na usiiombe jibu. Usiandike "nilinganishie". Iombe ikuandikie fomula ya kulinganisha kiasi na tarehe zikipishana hadi siku 3, halafu fomula uiendeshe wewe ndani ya Excel. Fomula inaonekana, inakaguliwa, na kesho italeta jibu lilelile. Jibu la mazungumzo linaweza kubadilika ukiuliza tena. Mistari isiyopata mwenzake ndiyo kazi yako. Makato ya benki yasiyoandikwa kitabuni, makato ya miamala ya simu yaliyounganishwa na malipo yenyewe, malipo yaliyoingizwa mara mbili. Tofauti iliyobaki ikigawanyika kwa 9, tafuta kwanza tarakimu zilizobadilishana nafasi: 540,000 iliyoandikwa 450,000 huacha 90,000. Ikiwa nusu ya tofauti ni kiasi unachokiona mahali kitabuni, huenda kimeandikwa upande usio wake.

Mwisho chukua miamala yote mikubwa, kwa duka hili tuseme ya kuanzia milioni 1, pamoja na mingine 25 kwa bahati nasibu, ukaitafutie karatasi: ankara, hati ya kupokelea mzigo, risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Karatasi haipo, andika haipo. Halafu saini jina lako.

Kazi hiyo kwa mkono huchukua siku mbili. Kwa namna hii inakuwa asubuhi moja, na mchana unabaki kwa ajili ya kwenda ghalani kuhesabu mifuko.

Wahadhiri wetu, hapa tunawaomba. Swali la "eleza faida tano za bajeti" linajibiwa na simu kabla mtahiniwa hajakaa. Mpeni mwanafunzi ripoti iliyokamilika, yenye makosa mliyoyapanda, pamoja na bahasha ya vielelezo, kisha mtoe alama kwa makosa aliyoyaona na namna alivyoyathibitisha.

Kwenu wanafunzi, mafunzo kwa vitendo msiyamalizie kwenye kupiga fotokopi na kusubiri fomu igongwe muhuri. Tafuta biashara moja inayotunza karatasi kwenye boksi: AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kahawa Mbozi, SACCOS ya wilayani, mfanyabiashara wa mbao Mafinga, kikundi cha wakulima wa kakao Kyela. Omba kumbukumbu za miezi 3. Zijenge upya ziwe kitabu cha fedha, usuluhishi wa benki na orodha ya mali ghalani. Kisha andika kurasa 4, si zaidi: ulikuta nini, hesabu zipi hazikukubaliana, ulithibitishaje, mwenye biashara afanye nini. Majina yafiche. Katika usaili kurasa hizo zitakusemea kuliko mstari wa CV unaosema unajua kutumia akili mnemba, maana kila aliyeko kwenye foleni ameuandika.

Mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ya Mei na Novemba, endeleeni nayo, na wa ununuzi endeleeni na PSPTB, bodi ya wataalamu wa ununuzi na ugavi. Wapo wanaowaambia vijana kwamba vyeti vya taaluma vimepitwa na wakati. Sisi tunaona kinyume. Kadiri yeyote anavyoweza kutengeneza hesabu zenye sura nzuri kwa dakika kumi, ndivyo sheria na benki zitakavyomtaka mtu anayetambulika kisheria, anayeweza kuitwa na kuulizwa.

Na wanaotaka kujiajiri wasidhani mashine itakuwa mshauri wa kutosha. Kenya walifanya jaribio: wafanyabiashara wadogo wakapewa mshauri wa akili mnemba kupitia WhatsApp. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali walipanda. Waliokuwa wakisuasua walishuka zaidi. Kilichotenganisha makundi hayo mawili ni hali waliyoanza nayo. Mshauri alikuwa yuleyule.

Waajiri, tuwe wakweli. Mkiacha kuchukua vijana leo kwa kuwa programu inaandika barua, mwaka 2036 mtatafuta mhasibu mkuu mwenye uzoefu wa miaka kumi na hatakuwepo, maana hakuna aliyempa mwaka wa kwanza. Chukueni hata wawili. Wapeni kazi ya kuhakiki tangu wiki ya kwanza, mkae nao nusu saa kila Ijumaa mkipitia walichokiona na walichokikosa.

Baada ya chai tunaingia kwenye kazi. Mtakaa watu 4 kwa kila meza, wenye kompyuta mpakato wakae upande wa soketi. Wasio nazo watatumia karatasi na kikokotoo, na zoezi linawezekana hivyo. Kila meza itapewa taarifa ya benki ya mwezi mmoja, kitabu cha fedha, bahasha ya risiti, na ripoti ya usuluhishi iliyoandikwa na akili mnemba ambayo inaonekana haina dosari. Dosari zimo. Anzeni na hesabu ya ulinzi.